Kupunguza matunda ya mpichi kwa dawa badala ya mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mipichi inapoanza kuchanua huku milimani, naletewa video ileile kwenye simu. Trekta inapita kati ya mistari ya mipichi ya waridi huko Marekani, nyuma yake ukungu wa dawa, na maandishi yanasema eti vibarua wa kupunguza matunda hawahitajiki tena. Halafu swali: "Bwana shamba, hiyo dawa inauzwa wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naweka majibu yote hapa. Mengi yanahusu mashamba ya Georgia, South Carolina, Pennsylvania na California, kwa sababu huko ndiko mambo haya yanakofanyiwa kazi. Yanayotuhusu sisi wa Lushoto, Njombe na Limuru nimeyasema wazi kila yalipofika.

Kwa nini nipunguze matunda ambayo mti umenizalia?

Mpichi haujui kiasi. Mti uliokomaa huchanua maua kwa maelfu, na kwa kuwa aina nyingi hujichavusha zenyewe, hali ya hewa ikiwa nzuri sehemu kubwa ya maua hayo hushika. Wewe unachohitaji ni pengine ua moja katika kumi. Ukiyaacha yote, utavuna mapichi ya ukubwa wa ndimu, kokwa limejaa na nyama ni utando tu. Matawi nayo hupasuka. Mpichi una mti laini, tawi likizidiwa linachanika kutoka maungoni na jeraha lake haliponi vizuri.

Kipimo cha zamani ni majani 30 hadi 40 kwa kila pichi moja. Kwenye tawi hiyo huja kama sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda, yaani shibiri pungufu kidogo.

Mwaka wa kwanza nilipopunguza mipichi yangu sita, mama jirani alisimama upande wa pili wa ua akaangalia vitunda vya kijani vilivyotapakaa chini. "Mwanangu," akaniambia, "Mungu anakupa, wewe unamwaga?" Sikuwa na jibu siku ile. Wakati wa mavuno nilimpelekea kikapu. Tangu hapo huja kuazima mkasi wangu.

Kwa mkono inafanywaje hasa?

Unashika tunda kwa kidole gumba na cha shahada, unalisokota kidogo, linakatika. Usilivute moja kwa moja, utaondoka na gome. Unaanzia shina la tawi kwenda nchani, unaondoa kwanza yaliyobanana pacha, yaliyokunjamana, yenye alama za wadudu na yaliyokaa upande wa juu ambako jua huyachoma. Kwenye tawi la mwaka jana lenye urefu wa mkono, unaacha matatu au manne.

Wakati mzuri ni kati ya siku 30 na 50 baada ya maua kuchanua, kabla kokwa halijawa gumu. Pima kwa kisu: kata kitunda katikati. Kisu kikipita kama kwenye tango bichi, bado una muda. Kikigota, kokwa limeshaanza kukomaa na faida kubwa imekupita, kwa sababu tunda la pichi hukua kwa hatua tatu, na hatua ya kati, ile ya kokwa kugumu, tunda huwa kama limesimama. Ulichotakiwa kukigawa mapema kimeshagawanywa. Mimi niliwahi kuchelewa wiki tatu kwa sababu ya msiba nyumbani. Nilipunguza vilevile, na nikavuna mapichi machache ambayo pia yalikuwa madogo, hasara mbili kwa mpigo.

Aina zinazoiva mapema ndizo za kuanza nazo, maana kutoka ua hadi mavuno hazina siku nyingi.

Mbona Wamarekani wanahangaika kutafuta dawa kwa kazi rahisi hivyo?

Ni rahisi kwa miti sita. Fanya hesabu ya hekta moja yenye miti 500, yaani nafasi ya mita 5 kwa 4. Tuseme kila mti unachukua dakika 20 tu, ngazi kupanda na kushuka. Hizo ni dakika 10,000, kama saa 167, au siku 21 za mtu mmoja anayefanya kazi saa 8. Sasa mkulima ana hekta 100, na kazi yote lazima iishe ndani ya wiki chache kabla kokwa halijagumu. Kupogoa kunaweza kusubiri kidogo. Kupunguza matunda hakusubiri.

Vibarua wenyewe wengi hutoka Mexico kwa viza za muda za kilimo ziitwazo H-2A, mpango uliowekwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986. Mwajiri hulipa nauli zao, huwapa malazi, na mshahara wa saa una kima chake cha chini. Kwa mkulima wa pichi, kupogoa, kupunguza na kuvuna ndizo kazi tatu zinazokula fedha, na kati ya hizo ni kupunguza pekee ambako unalipa watu ili watupe mali chini. Ukiliona hivyo, utaelewa kwa nini wanasayansi wao wamekaa juu ya jambo hili kwa miaka zaidi ya 70.

Dawa zenyewe ni zipi?

Zimegawanyika kwa namna zinavyofanya kazi, na ukielewa namna hiyo hutababaishwa na muuzaji.

Kundi la kwanza ni za kuunguza ua. Inayojulikana zaidi ni amonia thiosalfeti, ambayo kwa asili yake ni mbolea ya maji yenye naitrojeni asilimia 12 na salfa asilimia 26. Ikipulizwa kwa ukali wa kutosha maua yakiwa wazi, inakausha sehemu za ndani za ua kabla chavua haijafika chini kwenye yai. Ukitazama ua lililopigwa siku mbili baadaye, petali zimekuwa rangi ya chai na kile kijiti cha kike cha katikati kimesinyaa kama uzi uliopitishwa juu ya kibatari. Salfa ya chokaa, ile dawa ya kale ya ukungu yenye harufu ya yai viza, nayo hutumika hivyohivyo. Zamani walikuwa na dawa ya manjano ya jamii ya dinitro, iliyouzwa kwa jina la Elgetol. Ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa sumu kwa binadamu, na ikaondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kuna tabia moja ya kundi hili ambayo kila mtu huisahau: dawa inaunguza ua lililo wazi siku hiyo. Ua ambalo bado ni chipukizi limefungwa, linapona. Ua lililokwisha kuchavushwa jana na juzi, nalo mara nyingi limeshapita. Kwa hiyo siku ya kupuliza ni yote katika yote.

Kundi la pili ni la homoni. Hapa jina la kulijua ni ACC. Mmea wowote una ACC ndani yake. Ni kitu ambacho mmea hukigeuza kuwa gesi ya etilini, ileile inayoivisha ndizi zako ukizifunika kwenye kiroba na pia inayoliambia jani au tunda changa, "achia". Njia hiyo ya ACC kugeuka etilini ilibainishwa mwaka 1979 na Shang Fa Yang na mwenzake Adams huko Davis, California. Kutoka kwenye ugunduzi huo mpaka chupa dukani ilichukua miongo minne. Kampuni ya Valent BioSciences ndiyo inayoiuza Marekani kwa jina la Accede, kwa matufaha na kwa matunda ya jamii ya pichi. Kwenye pichi hupulizwa wakati wa maua. Haiunguzi. Inausukuma mti uachie wenyewe. Majani yanaweza kugeuka manjano na mengine kudondoka, na joto la siku zinazofuata hubadilisha sana matokeo.

Kundi la tatu ni la ajabu kidogo: jibereli, homoni nyingine ya mimea, inayopulizwa katikati ya kiangazi cha mwaka uliotangulia, wakati mti unaamua chipukizi lipi litakuwa ua na lipi litakuwa jani. Huangushi kitu chochote, unauzuia mti usitengeneze maua mengi mwakani. Watafiti wa California waliifanyia kazi sana miaka ya 1990.

Tufaha lina dawa za kupunguza tangu zamani. Kwa nini pichi limechelewa?

Kwa sababu tufaha changa ni legelege na pichi changa ni king'ang'anizi. Mtufaha kwa kawaida hudondosha matunda yake machanga ukipata shida kidogo ya chakula, hata siku chache za mawingu zinatosha, na dawa kazi yake ni kuongeza msukumo kwenye mlango ulio wazi tayari. Pichi likishashika linashikilia. Vichocheo vya jamii ya oksini vilijaribiwa, ethefoni, dawa inayotoa etilini, ikajaribiwa ikaishia kutoa gundi kwenye matawi na kupukutisha majani. Karabaili, kiuatilifu cha wadudu ambacho wakulima wa matufaha hukitumia pia kupunguza matunda, kwenye pichi hakisaidii kitu. Mtu akikuuzia karabaili ili upunguze mapichi, ujue anauza tu.

Tofauti nyingine ni hii: mtufaha usiopunguzwa hugoma mwaka unaofuata. Mpichi haugomi kiasi hicho. Mpichi tunaupunguzia ukubwa wa tunda na usalama wa matawi.

Kama dawa zipo na vibarua ni ghali, kwa nini si kila mkulima wa Marekani anazitumia?

Sakitu. Yaani ule umande unaoganda usiku wa baridi na kuunguza kila kitu kichanga. Watu wa Njombe na Makete wanaujua kwa jina na kwa hasara.

Mpichi huchanua mapema kuliko miti mingi ya matunda ya nchi za baridi. Georgia huwa ni mwezi Machi, na baridi kali huweza kurudi wiki tatu baadaye. Ua la pichi likiwa limefunguka kabisa, nyuzi hasi 2.8 za Selsiasi kwa nusu saa zinaua kama ua moja katika kumi. Zikishuka mpaka hasi 4.4, yanakufa tisa katika kumi. Kati ya hasara ndogo na kufilisika kuna nyuzi moja na nusu tu.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mkulima huyo. Leo maua yamefunguka, ndiyo siku ya dawa. Ukipuliza, umeondoa nusu ya maua. Sakitu ikija keshokutwa ikachukua nusu ya yaliyobaki, umebaki na robo, na theluthi mbili za hasara hiyo umezinunua mwenyewe dukani. Usipopuliza na sakitu isije, utalipa vibarua mwezi Mei. Wengi wanachagua kulipa vibarua. Mwaka 2017 Georgia ilipoteza takriban asilimia 80 ya mapichi yake, na mwaka 2023, baada ya majira ya baridi yaliyokuwa vuguvugu na sakitu ya Machi, ilipoteza zaidi ya asilimia 90. Mkulima aliyepitia miaka hiyo miwili, ukimwambia apulize dawa ya kuangusha maua anakuangalia kama yule mama jirani alivyoniangalia mimi.

Ndiyo maana mimi huona mkono si njia ya kizamani iliyosubiri kuondolewa na sayansi. Mkono unakuja wakati hatari imeshapita na unaona kilichobaki. Dawa inakuja mapema na inabidi ikisie. Ile jibereli ya mwaka uliotangulia inakisia mapema zaidi, miezi kama minane kabla ya baridi yenyewe.

ACC imeleta nafuu kidogo hapa, kwa kuwa inaweza kupulizwa kuelekea mwisho wa maua, siku chache baadaye kuliko za kuunguza. Siku chache za kusoma utabiri wa hali ya hewa zina thamani yake. Ila bado si mwezi Mei.

Nitajuaje ua limeuawa na baridi?

Chuma chipukizi kumi au maua kumi kutoka urefu tofauti wa mti, saa chache baada ya jua kutoka. Kata kila moja kwa wembe, kwa mkato wa kulala. Katikati pakiwa kijani, ni zima. Pakiwa peusi kama tundu la sindano iliyochovywa wino, limekufa hata kama petali zinang'aa kwa nje. Kazi ya dakika kumi, na wenzetu wa huko huifanya kabla hata ya kufikiria kupuliza.

Je, dawa hizi zinaondoa kabisa kazi ya mkono?

Hapana. Hata inapokwenda vizuri, lengo ni kuondoa sehemu ya maua ili vibarua waje kumalizia kwa saa chache zaidi kwa mti. Dawa haijui shibiri. Inaweza kuacha matunda matano yamebanana hapa na tawi zima tupu pale.

Zitafanya kazi Lushoto, Njombe au Limuru?

Hapa ndipo nawakatisha watu tamaa, na naomba msinikasirikie.

Mpichi unahitaji saa kadhaa za baridi, kwa kawaida zinahesabiwa zile zilizo chini ya nyuzi 7, ili uamke sawasawa. Elberta, pichi lililoijengea Georgia jina tangu Samuel Rumph alipolipanda kule Marshallville miaka ya 1870 na kulipa jina la mkewe, linahitaji karibu saa 850. Aina zilizozalishwa Chuo Kikuu cha Florida kwa ajili ya sehemu za joto, kama FlordaPrince, hutosheka na saa 150 hivi. Sisi tulio karibu na Ikweta, hata milimani, hatuna majira ya baridi ya kweli. Matokeo yake mnayaona wenyewe kila mwaka: kwenye mti mmoja kuna ua, kuna kitunda cha ukubwa wa harage, na kuna chipukizi ambalo bado limelala, vyote tawi moja. Maua yetu yanajikokota kwa wiki na wiki.

Rudi kwenye ile tabia ya dawa za kuunguza: zinapiga ua lililo wazi siku hiyo tu. Kwa mti wa South Carolina unaochanua karibu wote ndani ya wiki moja, kuna siku moja nzuri ya kupuliza. Kwa mti wa Lushoto hakuna siku hiyo. Utaunguza theluthi ya kwanza, theluthi ya pili itachanua juma lijalo ikushangae. Ukirudia mara tatu, unaunguza majani machanga yaliyokwisha kutoka, na hayo ndiyo yanayotakiwa kulisha tunda.

Kuna wanaopukutisha majani yote kwa mkono mvua zikiisha ili mti uchanue kwa pamoja. Inasaidia, mti hujipanga vizuri zaidi. Lakini ukishaweza kulipia watu wa kuvua majani mti mzima, suala la kuokoa vibarua tumelifungia kabatini.

Amonia thiosalfeti ni mbolea tu. Si naweza kuagiza na kupuliza?

Kusajiliwa kama mbolea ya kumwaga kwenye udongo si kusajiliwa kwa kupulizwa kwenye maua. Tanzania uliza TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kenya uliza PCPB, ile bodi inayosimamia viuatilifu. Uliza bidhaa kwa jina lake na zao kwa jina lake, maana kibali cha tufaha si kibali cha pichi.

Halafu kuna suala la bomba. Dawa hizi zina mlango mwembamba kati ya "haikufanya kitu" na "imeunguza shamba". Bomba la mgongoni, nozeli iliyochakaa, mpulizaji anayesimama kwenye mti mmoja kusalimiana na mpita njia: huo mti umepata dozi mara mbili. Siku yenye unyevunyevu ambapo dawa inachelewa kukauka, dozi ileile iliyokuwa salama jana inaunguza vitawi leo.

Naweza kuchanganya na dawa nyingine ili nipulize mara moja?

Usichanganye. Na hili lisomwe polepole: salfa ya chokaa ikikutana na kitu chenye asidi hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo inaweza kumuua mtu kwenye chumba kilichofungwa. Pipa lililokuwa na mbolea ya asidi lisipooshwa vizuri linatosha kuleta balaa. Na salfa ya chokaa ikifuatana kwa karibu na mafuta ya kupulizia miti, majani yanaungua.

Nyuki je?

Unapuliza kwenye maua, kwa hiyo unapuliza mezani kwao. Asubuhi mapema sana au jioni, na mwenye mizinga jirani apewe taarifa. ACC haina sifa ya kuua nyuki. Karabaili inawaua vibaya, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha.

Nimesikia kuna mashine inayochapa maua. Hiyo ikoje?

Inaitwa Darwin, imetoka Ujerumani, ambako ilibuniwa kwanza kwa ajili ya matufaha ya kilimo hai. Ni mlingoti unaofungwa mbele ya trekta, una kamba za plastiki pande zote. Unazunguka na kamba zinachapa maua yanadondoka kama mchele. Watafiti wa chuo kikuu cha Penn State kule Biglerville, Pennsylvania, waliijaribu kwenye mipichi na kuonyesha kuwa inapunguza saa za mkono kweli. Inataka miti iliyofundishwa kusimama kama ukuta au kama herufi V. Mti wa kikombe, wenye matawi kila upande kama mingi ya kwetu, kamba hazifiki ndani. Tena dereva akikosea anaona kosa lake palepale na kupunguza mwendo. Aliyepuliza dawa anasubiri siku kadhaa kujua kama alikosea.

Dada mdogo wa mashine hiyo unaweza kumtengeneza leo: fimbo ndefu nyepesi, nchani umechomeka kipande cha mpira wa maji. Vitunda vikiwa na ukubwa wa gololi unagonga matawi ya juu kwa kipimo, yale ambayo ungehitaji ngazi. Mashamba makubwa ya Marekani wameitumia fimbo ya namna hii miaka mingi. Haichagui, lakini inakuondolea ngazi, na ngazi ndiyo inayokula muda na kuvunja watu miguu.

Dawa hizi zitawanyima vibarua wetu kazi?

Huko kilio ni kwamba mikono haipatikani. Huku kilio ni kwamba fedha ya kulipa mikono haipatikani. Si kilio kimoja. Mtu wa Lushoto mwenye miti 40 akiweka bei ya chupa iliyosafirishwa kutoka nje, bomba zuri, mavazi ya kujikinga na hatari ya kuunguza msimu mzima, upande wa pili akaweka vijana watatu kwa siku mbili na chakula cha mchana, vijana wanashinda bila hata kukaza mkanda. Mwenye hekta 50 pale Njombe anaweza kuwa na hesabu nyingine, na huyo nitakaa naye tuzungumze.

Basi nifanyeje nipunguze kazi bila dawa?

Pogoa. Mpichi huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka jana tu, na kila kifundo cha tawi hilo mara nyingi kina machipukizi mawili ya maua yamelikumbatia moja la jani. Ukikata nusu ya matawi hayo kabla ya maua, umeondoa nusu ya maua kwa mkasi, ukiwa umesimama, bila haraka, na huna wasiwasi wa dozi. Jibakizie matawi yenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 30 hadi 45, ondoa vile vyembamba kama njiti za kiberiti. Vinachanua sana na matunda yake hayana maana. Tuseme umebakiza matawi 100 yenye matunda matatu kila moja. Umeshajua una mapichi 300 kwenye mti huo kabla hata ya kuchanua.

Punguza urefu wa mti pia. Mti ambao mtu wa kawaida anaufikia juu kwa mkono akiwa ardhini hauhitaji ngazi kupunguza, hauhitaji ngazi kuvuna. Wengi wetu tumeachia mipichi ikaenda mita tano kisha tunalalamika vibarua ni ghali.

Na kama mti una mzigo mkubwa sana wakati wa maua, pitisha kiganja chenye glavu kwenye nusu ya chini ya tawi, maua yanapukutika. Kwetu ambako sakitu si tishio kila mahali, kupunguza mapema hivi kuna faida ambayo mkulima wa Georgia anaitamani na hawezi kuithubutu: tunda linaanza kunenepa mapema. Ila kama uko kwenye bonde la Njombe linaloshika baridi usiku, subiri vitunda vionekane.

Nina shamba kubwa na nimepata bidhaa iliyosajiliwa. Nijaribuje?

Mstari mmoja. Usipulize shamba zima mwaka wa kwanza, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Chagua miti mitano ya kupulizwa na mitano ya jirani isiyopulizwa. Kwenye kila mti funga uzi wa sufi wa rangi kali kwenye matawi manne, moja kila upande, hesabu maua yote ya tawi hilo kabla ya kupuliza na uandike daftarini. Wiki nne baadaye rudi hesabu vitunda kwenye matawi yaleyale. Bila miti isiyopulizwa hutajua kitu, kwa sababu maua mengi hudondoka yenyewe na dawa itapewa sifa ambazo si zake. Andika pia joto la siku hiyo na la siku tatu zilizofuata. Mwaka wa pili utazihitaji namba hizo kuliko utakavyohitaji ushauri wangu.

Vitunda nilivyoangusha niviache chini?

Vilivyo vizima na vidogo, vyenye ukubwa wa harage, viache vikauke, havina shida. Vikishafika ukubwa wa gololi au zaidi, na kama shamba lako lina historia ya uozo wa kahawia, viokote uvifukie, kwa sababu ukungu wa ugonjwa huo huota juu ya vitunda vilivyolala chini na kurudi juu mavuno yakikaribia. Yale mapichi ya mwaka jana yaliyokauka yakabaki yananing'inia mtini kama tambara jeusi, hayo ndiyo mabaya zaidi. Yatoe kabla ya maua. Na usiwamwagie mbuzi debe zima la vitunda pamoja na matawi yaliyonyauka: kokwa na majani ya mpichi yana kitu kinachotoa sianidi, na majani yaliyonyauka ndiyo ya kuogopa zaidi.